Selimundu na Malaria: Habari Isimuliwayo Nusu

Tarehe 6 Februari 1954 gazeti la waganga wa Uingereza, liitwalo British Medical Journal, lilipiga chapa makala ya Daktari Anthony Allison juu ya selimundu na homa ya malaria. Makala yenyewe ni ya kurasa chache tu, walakini imesafiri kuliko vitabu vingi vinene. Ni vigumu leo kupata kitabu cha shule kinachofundisha habari za urithi wa viumbe kisichokuwa na kipande chake, na mara nyingi kipande hicho hufupishwa kuwa sentensi moja: selimundu hukinga malaria. Tumeonelea vema kuipima makala ile kama ipimwavyo kazi yoyote ya kuandikwa, tuone ni kipi ilichosema vizuri na kipi ilichopita juu yake. Kisha tuipime na ile sentensi, maana hiyo ndiyo ifikayo vijijini.

Daktari Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya. Mwaka 1949, alipokuwa bado mwanafunzi wa uganga, alifuatana na wanachuo wa Oxford waliokwenda Mlima Kenya, naye akatumia safari ile kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alikuwa akitafuta chembe nyekundu za damu ambazo, zikikosa hewa, huacha umbo lake la duara na kujipinda kama mundu wa kuvunia. Karibu na pwani, na vilevile kando ya ziwa la Victoria, aliwakuta wenye alama ile wakizidi watu 20 katika kila 100. Katika nyanda za juu zenye baridi, zilizo kati ya pwani na ziwa, hawakufika hata mmoja katika 100.

Hapa twaona uzuri wa akili yake. Mtu mwingine angaliandika kwamba kabila hili lina damu hii na kabila lile lina damu ile, akafunga kitabu. Allison aliona kwamba Wajaluo wa ziwani na Wabantu wa pwani, ambao lugha zao hazihusiani kabisa, wanafanana kwa alama hiyo; na Wabantu wa mlimani, ambao ni ndugu wa lugha wa wale wa pwani, hawanayo. Basi jambo halikufuata kabila bali mahali. Na pwani na ziwani pana nini kisichokuwako mlimani? Pana mbu. Mwaka uleule wa 1949 mtaalamu Mwingereza J. B. S. Haldane aliandika kwamba maradhi ni nguvu kubwa mno katika kuwabadilisha viumbe. Yeye aliandika akiwa amekaa na kalamu yake. Allison alikwenda kuchoma vidole vya watu akahesabu.

Makala ya 1954 ina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya watoto 290 wa Kiganda, karibu na Kampala. Wenye alama ya selimundu walikuwa 43, na kati yao 12 walikuwa na wadudu wa malaria katika damu, yaani kama 28 katika 100. Wasio na alama walikuwa 247, na kati yao 113 walikuwa na wadudu, yaani kama 46 katika 100. Alichagua watoto wadogo kwa makusudi, kwa kuwa mtu mzima aliyeishi penye mbu miaka mingi mwili wake umekwisha kuzoea kupigana na malaria, na mazoea hayo huficha tofauti ya kuzaliwa. Uchaguzi huo ni wa mtu mwenye busara. Walakini 43 ni watoto wachache. Kama wanne tu kati yao wangaliingia upande wa pili, tofauti ile ingalififia sana, na makala ingalisimama kwa mguu mmoja.

Mguu wa pili ni Wajaluo 30, wanaume wazima waliokuwa wamekaa kwa muda mahali pasipo malaria. Kumi na watano walikuwa na alama, kumi na watano hawana. Wote walitiwa malaria kwa makusudi. Katika wale wasio na alama 14 walishikwa na wadudu. Katika wenye alama walishikwa wawili tu. Tukisoma hapo hatuna budi kusimama kidogo. Waitwa watu waliojitolea, nao wamebaki hesabu: 14 kwa 2. Kila kitabu kinataja jina la Allison, na ni haki yake. Lakini wale waliotoa miili yao ili hesabu ipatikane hatuwasikii wenyewe wakisema neno lolote, wala vitabu vya shule havisemi hata kwamba walikuwako. Mwanafunzi hufundishwa matokeo kana kwamba yalianguka kutoka mbinguni. Siku hizi jaribio la namna ile haliruhusiwi kufanywa pasipo baraza la wakaguzi, na hati ya kila mmoja kwamba ameelezwa akaelewa akakubali.

Tena hesabu ile ya 14 kwa 2 ilisema zaidi ya kweli. Mwaka uliofuata, 1955, waganga wa Marekani walitia malaria watu wenye alama na wasio nayo, na wenye alama nao walishikwa. Wengi wakadhani Allison ameshindwa. Hakushindwa, bali alitazama mlango usiokuwa wenyewe. Alama ya selimundu haizuii sana mdudu asiingie, huzuia asiue. Jambo hili lilipata kuonekana wazi Kilifi, pwani ya Kenya, ambako waganga waliwafuata watoto kwa miaka. Mwaka 2005 waliandika kwamba mwenye kurithi alama kwa mzazi mmoja hukingwa na homa ndogo za malaria kwa nusu, hukingwa na malaria ya kulazwa hospitali kwa robo tatu, na ile malaria kali ya kupoteza fahamu au kukauka damu humpungukia kwa karibu sehemu 90 katika 100. Kadiri ugonjwa unavyozidi ukali, ndivyo kinga inavyozidi nguvu.

Hao wa Kilifi walitazama na jambo jingine, nalo ndilo tulipendalo kuliko yote katika habari hii. Ikiwa kinga yatoka katika umbo la chembe ya damu tu, basi yapasa iwe sawasawa tangu mtoto azaliwe mpaka azeeke, maana damu yake haibadiliki. Haikuwa hivyo. Katika miaka miwili ya kwanza kinga dhidi ya homa ya malaria ilikuwa sehemu 20 katika 100. Ikapanda mwaka kwa mwaka hata ikafika 56 mtoto alipokaribia miaka kumi, kisha ikashuka hata 30. Mwili, basi, ulikuwa ukijifunza. Chembe yenye alama, mdudu akiingia ndani yake, hujipinda mapema na kupelekwa kwenye bandama, ambayo wengine huiita wengu, nayo huiondoa. Mdudu hakui vema, mtoto haugui sana, na askari wa mwili wake wapata nafasi ya kumchunguza adui akiwa dhaifu. Mtoto asiye na alama hujifunza pia, lakini hujifunza vitani. Baada ya miaka kumi huyu wa pili naye amekwisha kujua, ndiyo maana tofauti yapungua. Kwa hiyo urithi na mafunzo ya mwili hufanya kazi pamoja, na anayesema juu ya kimoja pasipo kingine amesema nusu.

Kwamba si damu nyekundu peke yake itofautishayo watu mbele ya malaria, yaonekana mbali na kwetu, katika nchi ya Burkina Faso. Mwaka 1996 wataalamu waliandika habari za vijiji ambavyo Wafulani, Wamossi na Warimaibe hukaa jirani, mbu wakiwauma wote. Wafulani walikuwa na wadudu wachache katika damu, homa chache, na kingamwili nyingi zaidi, yaani silaha zile ambazo mwili hutengeneza kumpiga adui anayemjua. Bandama zao pia zilivimba zaidi, kama za watu ambao miili yao hupigana kwa nguvu. Mtu angedhani ni selimundu. Sivyo, Wafulani wanayo kidogo kuliko majirani zao. Mtu mwingine angedhani ni maziwa wanywayo au nyumba wakaamo. Hapo Warimaibe wafaa sana kwa ushahidi, maana wazee wao walikuwa watumwa wa Wafulani, wakashika lugha na desturi za mabwana zao, lakini nasaba yao si moja. Nao kwa malaria walifanana na Wamossi. Hakuna alama moja ya urithi iliyotosha kueleza jambo lile lote. Twalitaja hapa ili msomaji asifikiri kwamba palikuwa na njia moja tu. Malaria imebisha mlangoni kwa watu wengi, na kila mlango umejibu kwa namna yake.

Neno mageuzi huwashtua baadhi ya wasomaji wetu, wakidhani limekuja kushindana na Kitabu cha Mwanzo. Hapa twalitumia kwa jambo linalohesabika: katika kizazi fulani, watoto wa namna hii walikufa zaidi na wa namna ile wakapona zaidi, hao waliopona wakazaa, na watoto wao wakafanana nao. Wataalamu waliosoma vinasaba vya watu wa leo, yaani zile alama za urithi tupokeazo nusu kwa baba na nusu kwa mama, waliandika mwaka 2018 kwamba alama ya selimundu yatoka kwa mtu mmoja aliyeishi miaka kama 7,300 iliyopita. Ikiwa leo yachukuliwa na mamilioni, yafaa tuulize ilieneaje. Vitabu husema kwamba maumbile yaliichagua, au kwamba watu wa joto waliipata ili wajikinge. Maneno hayo mawili hatuyapendi hata kidogo. Yanamfanya msomaji aone bwana mmoja mwema amekaa mahali akigawa dawa. Hapakuwa na mgawaji wala hapakuwa na "ili". Palikuwa na makaburi ya watoto, kizazi baada ya kizazi, na idadi yake upande mmoja ilipungua kidogo kuliko upande wa pili. Allison mwenyewe hakuyaficha hayo, maana hoja yake yote yasimama juu ya vifo. Waliomfupisha ndio walioyafuta.

Tena walifuta bei. Tufanye hesabu ya darasani. Chukua nchi ambayo watu 40 katika 100 wana alama kwa mzazi mmoja. Allison alikuta sehemu za Afrika ya Mashariki zilizofikia hivyo. Wakioana pasipo kujua, ndoa 16 katika 100 zitakuwa za wenye alama wote wawili. Katika ndoa hizo, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kumpata mtoto aliyerithi alama pande zote mbili. Basi watoto wanne katika kila 100 wanazaliwa na ugonjwa wenyewe. Zamani karibu wote hawa walikufa kabla ya kupata akili. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa kwa kuwapunguzia wale 40 malaria, na waliolipa sio waliofaidi.

Sasa turudi kwenye ile sentensi, selimundu hukinga malaria. Mzazi ambaye mtoto wake ameambiwa hospitali kwamba ana selimundu, akiisoma sentensi hiyo katika kitabu cha mkubwa wake anayesoma shule, ataelewa nini? Ataelewa kwamba huyu mdogo, pamoja na shida zake zote, walau kwa malaria amepona. Chandarua kikiwa kimoja nyumbani atawapa wengine. Tunasema hili si kwa kukisia tu. Tumelisikia likisemwa na watu wazima wenye kusoma vizuri. Na kweli ni kinyume chake. Aliyerithi alama pande mbili, malaria ikimshika ni hatari kubwa, maana damu yake ni chache tangu hapo, nayo malaria huimaliza iliyobaki. Zaidi ya hayo, zile chembe zilizojipinda huziba mishipa midogo ya bandama hata ikaharibika angali mtoto mdogo. Na bandama ni ngome ya kuondoa vijidudu katika damu. Kilifi waliona mwaka 2009 kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huweza kupatwa na vijidudu vya damuni mara kama 26 kuliko mtoto mwingine. Alama ileile moja ambayo kwa mmoja huipa bandama kazi ya kukamata wadudu, ikiwa mbili huivunja bandama yenyewe.

Kosa hili kwa sehemu ni la lugha, nasi walimu wa lugha hatuwezi kuwaachia waganga peke yao. Kwa Kiswahili cha kila siku selimundu ni mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na selimundu ni baba yake mwenye afya anayelima shamba kutwa. Neno moja kwa hali mbili zilizo mbali kama hizo! Wengine husema mbeba selimundu kwa yule mwenye alama moja. Neno hilo ni zuri, nalo lafaa liingie vitabuni mahali pake, kila mara pasipo kuchoka. Kitabu kikiandika kwamba mbeba selimundu hukingwa kwa sehemu na malaria kali, na kwamba mgonjwa wa selimundu hakingwi hata yampasa alale chini ya chandarua kila usiku, kitakuwa kimetumia mstari mmoja zaidi. Hapo pia ugomvi mwingine ungalipungua, ule wa kumrushia mama lawama kwamba ugonjwa umetoka ukoo wake, au wa kumtafuta mchawi. Hesabu yasema alama zilitoka kwa wote wawili. Mume amwonyeshaye mkewe kidole, kidole kingine kinamwonyesha yeye.

Kosa la pili la waliofupisha ni kuita selimundu ugonjwa wa Waafrika. Allison alionyesha mahali, wao wakaona rangi. Alama hii iko Ugiriki, iko India, iko Arabuni. Na katika milima ya Afrika haiko. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani waliichukua, na huko leo kama mtu mmoja katika 13 wa weusi anayo, ingawa malaria imekwisha kuondoka nchi ile: kinga imebaki haina kazi, ugonjwa umebaki na kazi yake. Nao walilipishwa na bei nyingine. Chuo cha maofisa wa jeshi la anga la Marekani kiliwakataa vijana weusi wenye alama moja tu, watu wazima wasiougua chochote, mpaka sheria hiyo ilipoondolewa mwaka 1981. Kijana mwenye afya alifungiwa mlango kwa sababu msomaji fulani hakutenganisha alama moja na mbili. Mtu asiseme kwamba maneno ya vitabuni hayaumizi.

Tena habari yenyewe haijakoma, kama vitabu vinavyodokeza vikiandika kwamba malaria ilikuja, alama ikaenea, basi. Mdudu naye ni kiumbe, naye huzaa upesi kuliko sisi. Mwishoni mwa 2021 wataalamu walioshirikiana na hospitali za Kenya na Gambia walichapa matokeo ya kusoma vinasaba vya watoto wenye malaria kali pamoja na vya wadudu waliokutwa ndani yao. Walikuta wadudu wa namna fulani ambao wanaweza kumwuguza sana hata mbeba selimundu, nao huonekana zaidi mahali ambapo wabeba ni wengi. Kinga iliyolipiwa kwa miaka elfu saba mdudu ameanza kuichungulia tundu. Habari hii ingefaa kuwekwa mbele ya kila mwanafunzi anayedhani mageuzi ni mambo ya mifupa ya kale.

Daktari Allison alifariki mwaka 2014. Makala yake twaihesabu kuwa kazi njema, yenye hoja safi na ushahidi uliokuwa mwembamba kuliko ilivyodhaniwa, nayo yastahili kusomwa yenyewe wala si kupitia kwa wafupishaji. Lakini yeye alimwandikia mganga aliyetaka kujua kwa nini alama mbaya haikupotea. Mzazi huuliza swali jingine, naye alijibiwa baadaye sana. Mwaka 2019 yalichapwa matokeo ya kuwapa dawa iitwayo hidroksiyurea watoto 606 wenye ugonjwa wa selimundu huko Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi. Vifo vilishuka kutoka zaidi ya vitatu kwa mwaka katika watoto 100 hata kama kimoja. Maumivu yakapungua zaidi ya nusu. Na malaria, ambayo watu waliogopa kwamba dawa ingeizidisha, nayo ilipungua kwa nusu. Kati ya vitabu vya shule tulivyovikusanya ili tuandike makala hii, vyote vina mundu na mbu wa 1954, wala hakuna hata kimoja chenye watoto hawa 606.